Kisu, muhuri au bamba: utie nakshi ya ngozi kwa njia ipi?

Vijana wanaoingia kwenye ufundi wa ngozi hapa Mtwara wengi huanza na mkanda mtupu, wakahamia makubazi, kisha pochi. Wakishazoea kushona, swali linalofuata ni lile lile: nakshi iliyoinuka, ile ambayo mteja akipitisha kidole anaisikia, inatiwa vipi? Ukiuliza mafundi watatu utapata majibu matatu, kila mmoja akisifia zana iliyo mkononi mwake.

Njia zenyewe kubwa ni tatu. Unaweza kukata mstari kwa kisu, kisha ukashusha ngozi iliyo pembeni mwa mstari ili mchoro ubaki juu. Unaweza kugonga mihuri midogo ya chuma, mmoja baada ya mwingine, hadi mchoro utimie. Au unaweza kuchonga mchoro mzima kwenye bamba la mbao au shaba, ukalibana juu ya ngozi kwa mara moja. Leza siihesabu humu. Leza inaunguza ngozi na kuacha mfereji mweusi, haiinui kitu.

Nitazipima zote tatu kwa mambo yaleyale: zana na gharama ya kuanzia, muda, sura ya nakshi inayotoka, nafasi ya kurekebisha ukikosea, na namna nakshi inavyostahimili hewa ya pwani yetu. Bei za shilingi siziweki, maana hubadilika na kila mzigo unaoshuka kutoka Dar. Nitasema tu kipi ni ghali kuliko kipi, na kwa nini.

Kwanza, ngozi yenyewe

Hapa njia zote tatu zina sharti moja, na anayelipuuza atailaumu zana bure. Nakshi ya kuinuka hukaa kwenye ngozi iliyotengenezwa kwa tanini ya mimea, yaani ile dawa ya kutengenezea ngozi inayotolewa kwenye magome ya miti. Tuiite ngozi ya magome. Nchini kwetu tanini ya miwati hutoka Njombe, ambako kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949, na zamani magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyohiyo. (Usipate wazo la kwenda kubandua mikoko ya Msimbati. Ile imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi.)

Ngozi ya magome ikiwa na unyevu hukubali kukandamizwa, na ikikauka hubaki ilivyokandamizwa. Ngozi ya kromu, iliyotengenezwa kwa chumvi za madini hayo, ambayo ndiyo nyingi zaidi duniani na ndiyo inayotengeneza viatu na mabegi mengi laini, hukubali kwa muda kisha ikarudi kama ilivyokuwa. Unaweza kuigonga mpaka mkono uume, kesho yake mchoro umefifia.

Kuzitofautisha dukani si kazi. Tazama ukingo uliokatwa: kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au buluu kwa ndani, ya magome ni ya krimu au kahawia hadi katikati. Bonyeza kwa ukucha: ya magome hubaki na alama. Kama haijapakwa rangi, dondoshea tone la maji: ya magome hulinywa na kuwa nyeusi pale tone lilipoangukia. Nayo ngozi ya mbuzi inayowambwa kwenye ngoma si mojawapo ya hizi. Ile ni ngozi mbichi iliyokaushwa tu, na haifai hata kidogo.

Kisha kuna unyevu, ambao nao ni sharti la wote. Ngozi hupanguswa maji kwa sponji, ikaachwa mpaka rangi yake ya asili ianze kurudi huku ukiigusisha shavuni bado inasikika baridi. Hapo ndipo pa kuanza. Ikiwa na maji mengi, mchoro unakuwa butu na kuvimba. Ikiwa kavu, nyuzi zinakatika. Kwa joto letu, na hasa chini ya feni, inakauka upesi, kwa hiyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiku kucha ili unyevu ufike ndani sawasawa. Usiisahau humo kwa siku kadhaa. Itaota ukungu.

Zana na gharama ya kuanzia

Kisu cha kazi hii si kisu cha jikoni wala wembe wa kukatia. Kina ubapa mfupi chini, mpini unaozunguka, na juu kabisa kikalio cha kidole cha shahada. Kidole kinakandamiza kutoka juu huku vidole vingine vikizungusha mpini kufuata mkunjo wa mchoro. Pamoja nacho unahitaji vyuma vichache vya kushushia, vyenye uso wa mteremko, na kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia kwa ajili ya kukinoa kila baada ya muda mfupi. Vyote hivi kwa kawaida huagizwa. Orodha ni fupi, lakini kisu cha bei rahisi chenye ubapa mbovu kitakukatisha tamaa mapema.

Mihuri ndiyo njia ya mtu asiye na mtaji. Ipo ya kununua, lakini mingi unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa msumari wa inchi 6 au bolti kuukuu. Bana kwenye jiliwa, sawazisha kichwa kwa tupa, kata mistari au pembe, kisha lainisha kwa msasa mpaka kingo zisikwaruze ukucha. Kingo ndizo zenye siri. Zile herufi za chuma zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa kwa ajili ya kuwekea alama kwenye vyuma zinafanya kazi kwenye ngozi, ila kingo zake ni kali na huwa zinakata badala ya kukandamiza. Zipitishie msasa mwembamba kwanza.

Kisu na muhuri vyote vinahitaji jiwe gumu la kuwekea ngozi. Mabaki ya marumaru au granaiti kutoka kwa mafundi wa meza za jikoni yanatosha kabisa. Nyundo iwe ya mbao ngumu au nailoni. Ya chuma inaharibu vichwa vya mihuri, na ya mpira inadunda.

Bamba ndilo linalodai fedha mwanzoni, kwa sababu unalipia vitu viwili: bamba na nguvu ya kulibana. Nguvu si lazima iwe mashine ya kiwandani. Fundi wa kuchomelea anaweza kukuundia fremu ya chuma, ukaweka jeki ya gari ndani yake. Asifanye fremu nyembamba. Chuma kikipinda chini ya mzigo kinaweza kuchomoka na kumjeruhi mtu, na wewe unapopiga jeki simama pembeni, usiinamie.

Ama bamba lenyewe, hapa Kusini tuna bahati ambayo sioni ikitumika vya kutosha. Bamba la shaba linachongwa kwa mashine na huagizwa mbali. Lakini mpingo upo hapa, wachongaji wapo hapa, na mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, wenye nyuzi zilizoshikana zinazobeba mchoro mwembamba bila kumeguka. Wazo si geni. Katika karne ya 17 huko Uholanzi ngozi za kutandika ukutani zilibanwa kwenye mabamba ya mbao yaliyochongwa, zikapambwa kwa rangi na mng'ao wa dhahabu. Mpingo ununue uliovunwa kihalali na ukakauka vizuri. Vijiji vya Kilwa vina misitu yake inayovunwa kwa utaratibu na kwa cheti cha kimataifa. Mpingo mbichi hupasuka, na ukipasukia chini ya jeki bamba limekwenda.

Unapompelekea mchongaji kazi hii mweleze mambo mawili kabla hajagusa patasi. La kwanza, kinachozama kwenye mbao ndicho kinachoinuka kwenye ngozi, kwa hiyo anachonga shimo pale ambapo yeye amezoea kuacha kilima. La pili, kila kitu kinageuka kushoto kulia. Jina likichongwa linasomeka sawa kwenye mbao, kwenye ngozi litasomeka kinyume. Mchoree kwenye karatasi, igeuze dhidi ya dirisha, ainakili hivyo.

Muda

Linganisha kwa mkanda wa inchi moja na nusu, wenye urefu wa sentimita 110. Ukichonga maua kwa kisu kutoka mwanzo hadi mwisho, siku nzima inaweza kwenda, na kwa mkono mgeni zaidi. Ukigonga muhuri wa upana wa sentimita moja kwa safu tatu, hayo ni mapigo kama 330, na kila pigo lazima lilale sawa na jirani yake. Ni kazi ya kuchosha lakini haihitaji kufikiri sana; redio ikiwashwa inakwisha.

Bamba kwenye mkanda linakwama. Fremu ya jeki haichukui sentimita 110 kwa pamoja, hivyo utabana kipande kwa kipande, na pale vipande vinapokutana jicho la mteja linaona. Lakini leta pochi, kishika funguo au jalada la daftari, mambo yanageuka: bana, subiri dakika chache, toa, weka nyingine. Ofisi inayotaka vishika funguo 50 vyenye nembo moja haiwezi kuhudumiwa kwa kisu kwa bei ambayo itaikubali.

Kuna hesabu moja ambayo wengi hawaifikirii. Nguvu ya jeki hugawanywa kwenye eneo lote la bamba. Bamba la sentimita 5 kwa 5 lina sentimita za mraba 25. La 10 kwa 10 lina 100. Ukubwa umeongezeka maradufu kila upande, lakini nguvu inayohitajika imekuwa mara nne. Ndiyo maana bamba dogo hutoa mchoro mkali na kubwa, kwa jeki ileile, hutoa mchoro uliofifia katikati.

Sura ya nakshi

Hapa ndipo ningemtaka anayechagua akae kidogo, kwa sababu kila njia ina lugha yake ya michoro na kuilazimisha kusema ya mwenzake ni kupoteza ngozi.

Nenda Mikindani utazame milango ya zamani. Majani yanajikunja, shina linapita chini ya jingine na kuibukia upande wa pili, mstari mmoja unaanza mnene na kuishia mwembamba kama unywele. Hiyo ni kazi ya kisu. Kisu huingia kama theluthi ya unene wa ngozi, mara nyingine hadi nusu, na fundi akilegeza kidole mkato unakwisha taratibu bila kuonekana ulipoishia. Chuma cha mteremko kikipita upande mmoja wa mkato, jani linaonekana limelala juu ya jingine. Ukitaka liinuke zaidi, ngozi nyembamba husukumwa kutoka nyuma kwa kijiko cha chuma, na pango lake likajazwa unga wa ngozi uliochanganywa na gundi. Hakuna muhuri wala bamba litakaloigiza uhai wa mstari huo, na wateja wanaojua wanautambua.

Sasa tazama chale za kale za Wamakonde, zile za mistari mifupi na pembe zinazofuatana. Kuzichonga kwa kisu ni kujitesa bure. Pembe ya hamsini haitafanana na ya kwanza. Muhuri mmoja wa mstari na mmoja wa pembe vinazitoa zote, na kupishana kidogo kwa mapigo kunaipa kazi sura ya mkono. Mihuri ni bora pia kwa majina, kwa kujaza uwanja nyuma ya mchoro, na kwa kamba za pembeni mwa mkanda. Lakini haitoi picha. Anayetaka sura ya lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, kwenye jalada atakuwa na vijipande vya mihuri visivyoungana.

Bamba hutoa picha hiyo, na nembo, na herufi ndogo zilizopangwa, na hutoa ileile kila mara. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi mchoro una kina kimoja: juu na chini, bila mteremko, isipokuwa mchongaji wa bamba awe hodari. Na wachongaji wa Newala na Masasi ni hodari. Kwa hiyo kasoro hii, kwa fundi wa huku, si kubwa kama ilivyo kwa mwenzake anayeagiza bamba la mashine.

Unene wa ngozi unafuata sura. Kisu kinataka ngozi ya ng'ombe ya milimita 2.5 au zaidi. Muhuri unaridhika na milimita 1.5. Bamba linaweza kufanya kazi kwenye milimita moja, hata kwenye ngozi ya mbuzi, mchoro ukiwa wa kina kidogo.

Ukikosea

Mkato wa kisu haurudi. Njia pekee ni kubadilisha mchoro: jani lililozidi ligeuze kuwa majani mawili. Ndiyo maana wachongaji hunakili mchoro kwanza kwenye ngozi kwa kalamu butu isiyo na wino, kupitia karatasi ya plastiki.

Muhuri uliokwenda upande unaweza kuokolewa kama hujaugonga kwa nguvu: lowanisha tena, sugua mgongo wa kijiko kwa upole, subiri, rudia. Ukiugonga kwa nguvu, kubali.

Bamba halikosei katikati ya mchoro, linakosea mahali. Likiwekwa milimita tatu kushoto, pochi nzima imeegemea. Dawa yake ni kuchora pembe nne za bamba kwenye kipande cha kadi na kukitumia kila mara. Kuhusu joto: wapo wanaolipasha bamba la shaba moto ili mchoro ushike zaidi, na inasaidia, lakini ngozi ya magome yenye maji huanza kunywea joto likifika nyuzi kati ya 70 na 85. Vuguvugu linatosha.

Kwa njia zote, ngozi inayogongwa hutanuka. Bandika selotepu pana upande wa nyuma, kata kipande kikiwa kikubwa kuliko unachohitaji, kisha upunguze kwa kipimo nakshi ikishakauka. Wa kisu na muhuri walizingatie hili kuliko wa bamba.

Hewa ya pwani

Chuma na tanini vikikutana kwenye maji hutoa weusi wa wino. Kwenye hewa ya Mtwara muhuri wa msumari ulioachwa mezani wiki moja unaota kutu usiyoiona, na pigo la kwanza kwenye ngozi yenye unyevu linaacha duara la buluu-nyeusi katikati ya kazi safi. Maji ya limau hupunguza doa likiwahiwa, lakini hayaliondoi lote kila mara. Kwa hiyo wa mihuri wana kazi ya ziada: kupangusa kila muhuri kabla na baada, na kuihifadhi kwenye kopo lililofungwa. Vyuma vya kushushia vya wa kisu navyo ni hivyohivyo visipokuwa vya chuma kisichoshika kutu. Bamba la mpingo halina tatizo hili kabisa, ila lisiachwe juani wala kwenye maji.

Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, ngozi hurudisha unyevu na nakshi ya kina kidogo hulegea. Pochi ya bamba inayokaliwa mfuko wa nyuma na kunyweshwa jasho inasawazika mapema kuliko iliyochongwa, kwa sababu kisu kimekata nyuzi na hazina pa kurudi. Muhuri uliogongwa barabara uko katikati. Zote zipakwe nta ya nyuki baada ya kukauka. Mafuta ya kupikia hapana. Yanachacha, na mteja atayanusa.

Kwa hali yako

Kama unaanza bila mtaji na unauza mikanda na makubazi kwa watu wa mjini na wa minadani, hasa msimu wa korosho pesa inapozunguka, chukua mihuri. Mitatu au minne uliyojitengenezea inatosha kukutofautisha na mkanda mtupu, na bei yako haitamtisha mnunuzi.

Kama una mkono wa kuchora na mteja wako ni mgeni wa Mikindani, au mtu anayetaka zawadi ya kipekee ya harusi, kisu kitakulipa, mradi uwe tayari kuharibu mabaki mengi ya ngozi kabla ya kugusa kazi ya kuuza. Usikiendee ukiwa na haraka ya kula nacho mwezi huu.

Kama unapata oda za kufanana, za shule, za ofisi, za mahafali, au unajaza meza ya Nanenane pale Ngongo, Lindi, bamba ndilo. Kabla hujalipia fremu, hakikisha oda ya kwanza inarudisha angalau gharama ya bamba, maana mteja akibadilisha nembo bamba hilo halina kazi nyingine.

Kama huna ngozi ya magome na ya kromu ndiyo pekee unayoipata, acha zote tatu kwa sasa. Tia urembo kwa ushonaji na kusuka mikanda mpaka upate njia ya kuagiza. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ni pa kuulizia, na anayetaka kusoma ngozi kwa undani, kampasi ya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) iliyoko Mwanza inafundisha teknolojia hiyo.

Na kama una kikundi, si lazima kila mtu awe na njia moja. Bamba likatoa kinyago kwenye pochi 30, wa mihuri akagonga jina la kila mnunuzi pembeni, na wa kisu akabakiziwa zile mbili tatu za mwenyekiti na wageni rasmi, kila moja kwa bei yake.